Jibu la Mwanatabu

Mwanatabu binti Hamisi wa Shika Adabu alikuwa mpishi wa shughuli, na kama umewahi kuzika mtu au kuoza mtoto upande huu wa Likoni, basi chakula cha mkono wake umekila, ujue usijue. Harusi, hitima, arubaini, maulidi, hata karamu za wagombea wanaokuja kuomba kura kisha wakapotea miaka mitano, zote alizipikia yeye. Alikuwa na miaka arubaini na miwili, mrefu, mwenye mwendo wa taratibu na sauti ya chini, na macho ambayo muda mwingi hayakuwapo pale mwili ulipokuwa. Watu walisema ni moshi umemharibu macho. Masikini watu hawa, moshi walikuwa wakiusingizia bure.

Mwanatabu alikuwa akiota, mchana kweupe, huku amesimama. Vitunguu vya pilau vikianza kugeuka rangi na mvuke ukimpanda usoni, ua wote ulimpotea. Mafiga yalikwenda, kuku walikwenda, kelele za wanawake wanaochambua mchele zikawa mbali, na yeye akajiona ameketi katika ukumbi mkubwa ng'ambo ya kivuko, wenye zulia na baridi ya mashine, kwenye kiti kinachozunguka, mbele yake kipaza sauti chenye taa nyekundu. Anasimama polepole. Anaweka mtandio sawa. Anaanza kueleza habari za mifereji ya Shika Adabu, ambayo ukiifungua inakohoa tu, haitoi maji, na wanaume wenye tai wanaacha kuchezea simu zao, wanamsikiliza. Hotuba hiyo aliitoa kichwani mara mia, kila mara akaiongezea kidogo, na vitunguu havikuungua hata siku moja, kwa sababu mkono wake uliijua kazi bila ya kumhitaji yeye.

Tuseme waziwazi: alikitaka kiti cha mwakilishi wa wadi. Alikitaka kwa miaka minne mizima na hakumwambia mtu.

Tamaa hiyo ilimwingia siku maafisa walipokuja kufanya kikao na wananchi juu ya bomba la maji. Yeye aliitwa kupika. Maafisa walitandaza ramani mezani wakabishana saa nzima: mitaa ya juu ina watu wangapi, ya bondeni ina wangapi, bomba lipite wapi. Mwanatabu alikuwa nyuma yao, anapakua, na jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo kwa hesabu ya masinia. Kwetu watu hula pamoja, sinia moja watu watano, na mpishi mzoefu huijua kila nyumba kwa masinia yake. Nyumba ya Mzee Mwidani ilikuwa masinia saba. Ukoo wa kisimani kumi na moja. Wale wa kwenye machimbo, masinia matatu, lakini siku za sikukuu sita, maana vijana wao hurudi kutoka Magongo na Changamwe. Jirani Wakristo waliohamia kutoka Kaloleni na Ganze, ambao kila mtu hula kwenye sahani yake, hao aliwahesabu kwa sahani, akisaidiwa na Sarah, mke wa Kaingu, aliyekuwa msaidizi wake jikoni tangu enzi za kuni. Wadi nzima ilikuwa kichwani mwake, imepangwa kwa midomo yake. Basi akakohoa kidogo ili aseme. Afisa mmoja akageuka, akamtazama, akamwambia, "Mama, lete pilipili."

Alileta pilipili. Bomba likapita kusikokuwa na watu, na mpaka leo linamwagilia magugu.

Sasa, mtu wa namna hiyo anaingiaje katika siasa? Pesa hana, ukoo mkubwa hana, mume hana. Mume aliwahi kuwa naye, bwana mmoja wa Bombolulu, aliyemwacha miaka kumi iliyopita kwa kosa la kuwa na maneno mengi. Na Mwanatabu, siku alipovuka kurudi kwao na sanduku lake, aliapa kwamba hatoingia tena katika nyumba ambayo itambidi aombe ruhusa ya kutoka. Kiapo hicho alikishika vizuri. Lakini palikuwa na Faki.

Faki alikuwa mwenye mahema na viti. Alikuwa mgane wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, mpole, mwenye pikapu ya buluu na kipaza sauti kilichofungwa juu yake kwa kamba. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maziko, na kwa hivyo ndiye aliyepita mitaani kutangaza nani amefariki na anazikwa saa ngapi. Adui hakuwa naye hata mmoja. Alimpenda Mwanatabu, tena alimpenda hadharani, hata mbuzi wa kuchinjwa alijua. Akifika kwenye shughuli, turubai la kwanza kupandishwa lilikuwa la jikoni, ili jua lisimpige Bi Tabu. Akipita karibu na mafiga alipunguza sauti, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa, na kazi ya kubeba sufuria kubwa hakumwachia mtu mwingine, ijapokuwa mgongo wake ulikuwa ukimlaumu siku tatu baadaye.

Mwanzo Mwanatabu hakuwa na nia yoyote. Alimwona, akacheka kimoyomoyo, akaendelea na kazi yake. Kisha siku moja, vitunguu vikiwa motoni na ule ukumbi wenye zulia ukiwa umemjia vizuri, alimwona Faki amesimama ndani ya mvuke na kipaza sauti chake mkononi, akafahamu kitu gani alichokuwa nacho.

"Faki," alimwita, akilivuta jina. Akiwa hana haja alimwita Bwana Faki. Akiwa na haja ilikuwa Faki peke yake.

"Labeka, Bi Tabu."

"Hivyo kipaza sauti chako, kikishasema maiti ni nani na maziko ni saa ngapi, hakiwezi kusema na chakula chapikwa na nani? Watu waniuliza mimi, nachoka kujibu."

"Wallahi kitasema."

Na kikasema. Tangu siku hiyo hapakufa mtu Shika Adabu ila jina la Mwanatabu lilipita mitaani pamoja na lake. Baada ya mwezi akataka pikapu, awapelekee chakula wagonjwa na wazee wasioweza kufika kwenye shughuli. Faki alimwendesha nyumba kwa nyumba, na kila nyumba Mwanatabu alishuka mwenyewe, akaingia, akakaa, akauliza hali, akasikiliza habari za mifereji na mikojo ya sukari na watoto waliokosa karo, huku Faki anamngoja nje nusu saa nzima akistaajabia huruma ya mwanamke huyu. Na huruma alikuwa nayo, tusimwonee. Aliwahurumia kweli, na akawahesabu kweli, yote mawili kwa wakati mmoja.

Lakini ufundi wake hasa ulikuwa wa maneno. Alikuwa akimwambia Faki, hivi hivi, huku anamenya vitunguu thomu, "Nalifikiria sana lile neno lako la juzi."

"Neno gani?"

"Ulilosema kwamba wadi haifahamiki kwa ramani, yafahamika kwa kuingia majumbani. Wewe mtu una akili, Faki, sema hujisifu."

Faki hakuwahi kusema neno hilo katika maisha yake. Lakini ni nani atakayekataa sifa ya mtu ampendaye? Alitabasamu, akalichukua neno, akaenda nalo msikitini, na baada ya wiki mbili alikuwa akilisema kwa wazee kama lake, na kuliamini. Hivyo ndivyo Mwanatabu alivyoanza kuhutubia Shika Adabu, kwa mdomo wa mtu mwingine, neno moja moja, na hakuna aliyeshuku.

Posa nayo ilikuja. Faki alimtuma shangazi yake na kanga mbili na kikapu cha tambuu, kama inavyotakiwa. Mwanatabu hakukubali, hakukataa. Alisema tungoje Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita. Akasema si vizuri mtu kujibu posa na huku marehemu fulani hajafikisha arubaini, na Likoni ni kubwa, hakukosekana marehemu. Faki alingoja bila ya kununa. Kuna siku alikuja na kanzu iliyochanika bega, Mwanatabu akamwambia aivue, akaishona palepale kwa uzi mweupe, na yule bwana akakaa juu ya gunia la mchele na fulana yake, ametulia kabisa, anamtazama anavyopitisha sindano. Mwanatabu alijiambia kwamba ile ni sehemu ya mpango. Alijiambia hivyo mara nyingi zaidi kuliko ilivyohitajika.

Mwaka kabla ya uchaguzi, siku ya Alhamisi, Faki alifika uani kwenye hitima moja, akakaa, akavua kofia.

"Mzee Mwidani kaniita jana," alisema. "Wazee wataka mtu mmoja tu mara hii, kura zisigawanyike. Wakishamsomea Fatiha mtu wao, hapana mwingine wa huku atakayesimama. Jumapili wakutana kwake." Akaigeuza kofia mikononi. "Wanitaka mimi."

Kisu cha Mwanatabu kilisimama juu ya kitunguu. Ule ukumbi wake ulimjia mara moja, bila hata mvuke, na ndani ya kile kiti kinachozunguka alikuwa amekaa Faki na kanzu yake iliyoshonwa bega. Miaka minne yote, na masinia yote yale, yalikuwa yamempandisha yeye! Alihisi hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuangukia.

"Nawe umesemaje?" aliuliza.

"Nimesema nitafikiri."

Mwanatabu alikikata kitunguu kikaisha ndipo akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Una presha, Faki. Siasa ni kelele mchana na simu usiku. Utavuka kivuko asubuhi, urudi giza limeingia. Sasa mimi ukiwa huko, huku nani atakayenitazama?"

Hakuwahi kumwambia maneno ya karibu kama hayo. Faki alinyanyua macho, na uso wake ukawa na furaha ambayo Mwanatabu hakuweza kuitazama, akageukia sufuria.

"Basi siendi," alisema Faki. "Nitawaambia siendi."

"Huwezi kuwaacha mikono mitupu. Utawapendekezea nani? Wataka mtu aliyeingia kila nyumba, ulivyosema mwenyewe."

Kisha akanyamaza. Kunyamaza kule alikuwa amekufanyia mazoezi. Alimenya thomu, akapeperusha nzi, akamwacha yule mtu mwema aende polepole mpaka afike. Na Faki akafika.

"Kwani, Bi Tabu... wewe je?"

Mwanatabu alicheka, akasema mpishi gani mgombea. Akakataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, na ya tatu akainamisha kichwa akasema, "Kama ni wewe wasema, mimi nitakupingaje?" Faki aliondoka pale anatembea kama mtu aliyezawadiwa. Mwanatabu alibaki ameshika mwiko, na kwa mara ya kwanza akaona haya. Zilikuwa haya ndogo, akazifunika kama unavyofunika sufuria, na akapalia makaa juu ya mfuniko.

Jumapili ikafika, na kwa kuwa wazee hawawezi kuzungumza na njaa, mpishi alikuwa nani kama si yeye. Wazee kumi na wawili waliketi barazani kwa Mzee Mwidani, na kati ya baraza na ua palikuwa na ukuta wa matofali ya matundu, yale ya kupitisha upepo. Upepo ulipita, na maneno pia. Mwanatabu alikuwa na sufuria mbili motoni na Sarah kando yake anakata kachumbari. Siku ilikuwa ya mawingu mepesi, mwanga wake mweupe umetulia, na mvuke haukwenda popote, ulimzunguka pale pale kama chandarua. Alihisi kama anaelea. Miguu ilikuwa kwenye mchanga wa ua lakini mwili wote uliobaki ulikuwa umeshavuka maji.

Alimsikia Faki akisimama, akimshukuru mwenye nyumba, akieleza kwa nini yeye hatoweza. Kisha akaanza kumsema Mwanatabu. Lo! Maneno yalikuwa yake mwenyewe Mwanatabu, yote, aliyomlisha moja moja kwa miezi: nyumba na ramani, masinia na hesabu, bomba lililokwenda kumwagilia magugu. Lakini katikati Faki aliongeza ambayo hakuna aliyempa. Alisema huyu mwanamke akiingia kwa mgonjwa hasemi mengi, hukaa chini, kwenye mkeka, hata kama pana kiti. Alisema mwaka jana marehemu mmoja alikosa mtu wa kumlilia, naye Faki akamwona Bi Tabu jikoni anamlilia, na hakuwa akimjua. Mwanatabu alisikia, akakumbuka, akashangaa kwamba palikuwa na mtu aliyemwona.

Wazee wakaguna. Mguno ulikuwa mzuri. Kisha Mzee Suleiman, ambaye kila kikao lazima apinge japo kidogo ndipo alale, akasema, "Sina neno naye. Lakini hana mume. Kiti kile ni cha kuamshwa usiku, mara kijana kashikwa, mara nyumba yaungua. Ataandamana na nani?"

Mwanatabu aliacha kukoroga.

"Wazee," alisema Faki, na sauti yake ikatetemeka kama ya kijana. "Mimi nimemposa. Jibu ndilo sijapata."

Waliangua kicheko, kicheko cha mapenzi, na mmoja akampiga mgongo. Mzee Mwidani akasema, "Basi lipo neno gani tena? Akaulizwe sasa hivi. Akiridhia, tusome Fatiha leo, yote mawili pamoja, la jina na la posa. Mwanarehema!"

"Abee," aliitika mkewe kutoka ndani.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa wasiokulia kwetu. Mwari huposwa kwa babake. Mwanamke aliyekwisha olewa akaachika, huyo huulizwa mwenyewe, na wazee humtuma mama wa heshima kwenda kumuuliza. Kazi ya aliyetumwa ni moja: maneno ya mwanamke ayalete barazani kama yalivyotoka kinywani, asiongeze, asipunguze, asipambe. Ndiyo maana mwanamke mwenye akili hujibu neno moja, akainama. Mwanatabu alikuwa amepikia posa za namna hiyo zisizopungua hamsini. Utaratibu aliujua kuliko wazee wenyewe.

Naye alikuwa na muda mfupi tu, ule wa kikongwe kuvaa viatu na kupita ukumbini. Akafikiri haraka: akisema hapana, jina limekwenda. Akisema ndiyo, jina limepita, na posa ni posa tu, si nikaha. Mpaka uchaguzi uishe panaweza kupatikana sababu, watu hurudishiana posa kila siku. Kiapo chake cha siku ya sanduku alikigusa moyoni, akakikuta kipo, akakiambia kingoje kidogo. Atasema ndiyo. Ataidanganya baraza nzima kwa neno moja. Na alipoamua hivyo tu, ukumbi ukafunguka mbele yake, mkubwa kuliko siku zote, mwanga umejaa, taa nyekundu ya kipaza sauti imewaka, watu wote wamegeuka wanamngoja yeye.

"Mwanatabu binti Hamisi." Bi Mwanarehema alikuwa amesimama mbele yake, mtandio umefungwa rasmi.

"Abee, mama."

"Nimetumwa na wazee. Waulizwa: Faki bin Omari amekuposa. Wamridhia?"

"Namridhia," alisema Mwanatabu.

Ingekwisha hapo. Neno lilikuwa limetoka, tena limetoka vizuri, laini, kwa macho yaliyoinama. Lakini yeye hakuwa pale. Alikuwa kule kwenye zulia, mkono umeshanyooka kuelekea kwenye kipaza sauti, na kutoka kule mbali akauliza, kwa sauti ile ile, "Na jina langu limeshapita?"

Bi Mwanarehema alimtazama kwa kitambo. "Ndiyo maneno yako?"

"Ndiyo, mama," alijibu Mwanatabu, ambaye hakuwa amesikia alichoulizwa.

Kikongwe akageuka. Sarah aliacha kisu. Kisha kutoka upande wa pili wa matundu ikaja sauti ya Bi Mwanarehema, wazi, bila ya hila wala huruma, kama inavyompasa shahidi.

"Nimemuuliza. Asema, 'Namridhia. Na jina langu limeshapita?'"

Mzee mmoja alianza kucheka, akakatiza njiani. Ukumbi ulizima, zulia likatoka chini ya miguu ya Mwanatabu, na yeye akajikuta uani kwa watu, mwiko mkononi, katika moshi wa makaa, amesikia maneno yake mwenyewe na yalivyokuwa.

Faki alipoanza kusema, sauti yake haikutetemeka tena.

"Wazee wangu, ameuliza la haki, ajibiwe. Jina lipite."

"Na lile la mume?" aliuliza Mzee Suleiman, lakini kwa upole.

"Mtu aliyeulizwa habari za mume akakumbuka kazi, huyo kazi hatoisahau. Hiyo ndiyo mnayoitafuta. Niliyoyasema juu yake nimeyaona kwa macho yangu, siyarudishi hata moja. Nitamwekea mahema na nitamtangaza mpaka siku ya kura." Akaweka kofia yake sawa. "Ila Fatiha someni moja, ya jina. Posa yangu naomba niichukue."

Hakuna aliyembishia. Mzee Mwidani alianza, wenzake wakafuata, sauti kumi na mbili zikapanda taratibu na kushuka, na wanawake wa uani wakanyanyua mikono kuitikia. Mwanatabu alinyanyua yake. Jina lake lilikuwa limepita. Alikipata alichokitaka kwa miaka minne, alikipata chote, na Sarah alikuwa amemkumbatia kiunoni akilia kwa furaha na kusema Mulungu ametenda, sasa maji yatakuja.

Akatafuta furaha yake mwenyewe. Aliinamia sufuria, akauacha mvuke umpande usoni, akauita ule ukumbi. Ukaja. Kiti kilikuwepo, taa ilikuwepo, watu wenye tai walikuwepo. Ndipo alipotambua kwamba katika ndoto zile zote, kila mara, nyuma kabisa karibu na mlango, alikuwapo mtu mmoja aliyekuja kumsikiliza, ambaye Mwanatabu hakuwahi kujisumbua kumtazama usoni kwa sababu alijua tu kwamba yupo. Sasa aliangalia na pale mahali hapakuwa na mtu. Ilimuuma, ikamuuma vibaya, na hakuwa na mpango wowote wa kuizuia.

Faki alikuja uani, maana masinia ya wazee lazima yachukuliwe na mtu. Alisimama mbali kidogo na mafiga.

"Hongera, Bi Mwanatabu," alisema. Lilikuwa jina lote, kamili.

"Faki."

Alimngoja aseme. Alimngoja kwa adabu, kama angemngoja mtu yeyote, na Mwanatabu, ambaye maneno ya wadi nzima alikuwa akiyapanga kichwani, ambaye alimfundisha mtu huyu sentensi moja moja, hakupata hata moja. Akasema chumvi ya sinia la pili huenda imezidi. Faki akasema hapana neno, akainama, akalibeba sinia, akaenda zake.

Bi Mwanarehema alikuwa mlangoni na bakuli la kachumbari. Mwanatabu alimfuata mbio, akamshika mtandio, haya hana.

"Mama, lile neno la kwanza," alisema. "Nalisema nikidhani nawadanganya. Sikuwa nikidanganya. Namridhia, wallahi namridhia. Rudi ukawaambie."

Kikongwe alimtazama kwa huruma, huruma ya kweli, akauondoa mkono wake taratibu kwenye mtandio.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Lakini sikutumwa tena."